Ngumi Usiyoiona

Chukua noti ya shilingi elfu moja. Ishike kwa juu, ining'inie wima, kisha mwambie mwenzako aweke kidole gumba na cha shahada katikati ya noti, huku na huku, bila kuigusa. Mwambie ukiiachia aidake, na akiidaka ni yake. Iachie bila kumwonya. Itampita. Mwambie arudie. Itampita tena. Nimeucheza mchezo huu vijiweni pale Jamatini, hapa Dodoma, mara nyingi na bado sijafilisika. Wachache walioipata walikuwa wamebahatisha, wamefumba vidole kabla sijaachia.

Si uzembe wao. Vidole vikiwa katikati ya noti, kilichobaki kupita ni sentimita sita na ushee, na kitu kinachoanguka hupita umbali huo kwa sekunde 0.11 hivi. Mtu mzima mwenye afya, aliyelala vizuri, anahitaji kama sekunde 0.2 hadi 0.25 tangu jicho lione mpaka mkono utii. Noti imeshaondoka, ubongo ndiyo kwanza unasaini barua ya ruhusa. Na huyo anajua kinachokuja na kinakotokea, tena kazi yake ni moja tu. Mwongezee mambo ya kuchagua, akwepe au akinge, kushoto au kulia, muda unarefuka. Hilo mwanasaikolojia Mwingereza William Hick alilipima na kuliandika mwaka 1952. Mwongezee bia nne. Mwongezee swali la kujibu.

Ngumi ya mtu aliyesimama umbali wa mkono wake hufika ndani ya sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Ndiyo maana kila aliyedundwa barabarani husema neno lilelile: "Sikuiona." Hadanganyi.

Basi watu wakijua niliwahi kuwa baunsa huniuliza, "Kaka, ngumi ya kushtukiza unaikwepaje?" Nawajibu kwamba huikwepi. Wengine hukasirika, wanadhani nawaficha siri ya kazi. Lakini tazama wenye kazi yao. Septemba 2018, mjini Birmingham, Hassan Mwakinyo wa Tanga alimmaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili. Eggington alikuwa kwao, mikono juu, macho mbele, anajua kabisa kwamba mtu aliye mbele yake amelipwa ili ampige ngumi, na mwamuzi yuko katikati yao. Zilimfikia vilevile. Wewe uliyesimama nje ya baa Area C na mfuko wa chipsi mkononi una nini cha kumzidi?

Kazi yote ya kujikinga, kwa hiyo, hufanyika kabla mkono haujaondoka. Baada ya hapo ni kupunguza hasara tu.

Mimi nililijua hili kwa jino. Miaka minne nilisimama mlangoni mwa baa moja hapa Dodoma. Jina lake halina faida katika habari hii. Nina kilo tisini na kitu, na nilikuwa nimezoea kuwachunga wenye miili kama yangu, wale wanaotunisha kifua na kupaza sauti. Usiku mmoja wa Julai, msimu ule upepo wetu unapoleta vumbi mpaka ndani ya glasi ya mtu, kijana mwembamba niliyemkatalia kuingia na chupa yake alirudi baada ya dakika kumi. Hakuwa na hasira. Alikuwa mpole kuliko alivyoondoka. Akasogea karibu kwa sababu ya muziki, akaniuliza, "Kaka, samahani, saa ngapi sasa hivi?" Nikainamisha kichwa kuangalia simu. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kwamba nimelala juu ya kreti za soda na mtu ananiuliza jina langu.

Nimelirudia tukio lile kichwani mara nyingi, na kila nikilirudia namvulia kofia yule kijana. Swali lake moja lilifanya kazi tatu. Lilimpa sababu ya kusogea. Lilinitoa macho usoni pake. Likaushughulisha mkono wangu wa kulia na simu, na ubongo wangu na hesabu ya saa. Hakunizidi nguvu wala wepesi. Alinipa kazi nyingine ya kufanya, kisha akapiga nikiwa kazini.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Tunasubiri hasira ituonye, kumbe hasira ya wazi mara nyingi ni maonyesho. Anayepiga kelele "Niacheni! Niacheni nimwonyeshe!" mara nyingi anaomba ashikwe, na asiposhikwa utamwona anatafuta kwa macho nani wa kumshika. Wa kuogopwa ni yule aliyekuwa akifoka halafu akanyamaza ghafla, au aliyeondoka akarudi na sauti ya upole na swali dogo. Mazungumzo ni chambo. Ukiwa unamjibu, unamweleza, unatafuta neno zuri la kumnyamazisha, unatumia ubongo uleule ambao ungeuhitaji kuiona ngumi.

Umbali wa hatua moja

Kipimo changu siku hizi ni hiki: akitaka kunifikia, lazima apige hatua. Mkono peke yake ukitosha, yuko karibu mno. Ngumi bila hatua haina utangulizi, lakini mtu hawezi kupiga hatua bila bega kusogea, kiuno kugeuka na uzito kuhamia mguu mwingine. Mwili mzima unaotembea jicho hulipata mapema, na zile sehemu chache za sekunde unazoongezewa ndizo zinazotosha kurudi nyuma au kuinua mikono.

Kwetu jambo hili ni gumu kuliko lilivyo kwa wengine, kwa kuwa salamu zetu ni za kushikana. Tunapeana mkono, na tukipeana hatuachii. Maongezi ya dakika tano yanaenda huku viganja vimekumbatiana. Mtu aliyetaka kukupiga dakika iliyopita akija na mkono mbele, "Yaishe bwana," ukimnyima unaonekana wewe ndiye mwenye shari. Mpe. Ila mkono wako wa kushoto uweke kwenye kiwiko chake, kama unavyofanya ukimsalimia mtu unayemheshimu. Hakuna atakayeona ajabu, na faida yake ni kubwa: ngozi hupeleka taarifa kwenye ubongo haraka kuliko jicho. Akikaza msuli, akianza kukuvuta, unajua kabla hujaona. Halafu mkono wenu ukishapeanwa, uachie.

Kuna pia "Njoo nikwambie kitu." Sikio linasogezwa, kichwa kinainama, shingo iko wazi. Kama ni mtu mliyegombana, mwambie akuambie hapohapo alipo, na kama muziki unazidi basi hamna haraka, mtazungumza kesho.

Najua mtu atasema: hatua nzima utaipata wapi stendi saa kumi na mbili jioni, watu wanagombania daladala na wapiga debe wanakuvuta mkoba? Huipati. Pale weka kitu katikati. Bajaji iliyoegeshwa, pikipiki, meza ya mama anayeuza matunda, kiti cha plastiki. Mtu hawezi kukupiga ngumi ya kweli akiwa anakizunguka kitu. Usisimame umemkabili kifua kwa kifua. Geuka ubavu kidogo, kama mtu anayetaka kuondoka, kwa kuwa ndivyo ulivyo. Na chungulia nyuma yako mara moja mapema, kabla mambo hayajachemka, ujue kama kuna mtaro. Mitaro ya mvua isiyofunikwa imevunja watu wengi ambao ngumi yenyewe haikuwagusa.

Mikono nayo. Ikiwa mfukoni haipo. Ikiwa nyuma haipo. Ikikunjwa kifuani imefungwa na mwenyewe. Iweke mbele, usawa wa kifua, viganja wazi vikimtazama, na iwe inatembea kidogo unapoongea: "Basi kaka, basi, tusamehe, yameisha." Walinzi wa milango ya vilabu kule Uingereza mkao huu wanauita uzio, na mimi napenda zaidi neno letu la zamani, ua. Nyumba yenye ua mgeni huonekana kabla hajafika mlangoni. Kila akitaka kusogea anakutana na viganja vyako, na kila akivigusa anakuambia nia yake. Wakati huohuo watu wanaotazama, na kamera ya dukani kama ipo, wanaona mtu mmoja anaomba yaishe. Hilo litakuja kukufaa kituo cha polisi.

Neno "nisamehe" kwa mtu asiyestahili linauma kooni, nalijua. Lakini wahenga walisema kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko, na waliosema hivyo walikuwa wamekwisha kuzika.

Wapambe na wapatanishi

Hapa nitakaa kidogo, maana mafunzo mengi ya kujilinda yametoka nchi ambazo ugomvi ni wa watu wawili na wengine wanapita njia. Dodoma ugomvi wa watu wawili haupo. Mkipandishiana sauti Sabasaba kwa dakika moja mmeshazungukwa na watu kumi na tano, na kila mmoja ana kazi yake.

Kwanza kuna mpambe. Yule unayebishana naye anaongea, anakukodolea, anakushughulisha. Rafiki yake amesimama pembeni yako kidogo, kama mtazamaji tu. Ngumi inatoka huko. Ubishi ukianza, hesabu amekuja na nani, kisha sogea mpaka wote wawe mbele yako. Wakianza kutawanyika, mmoja huku mmoja kule, ugomvi umekwisha kuamuliwa bila wewe. Ondoka wakati huo, usingoje kumaliza sentensi.

Halafu kuna mpatanishi, na huyu kwa nia njema kabisa ndiye anayesababisha majeraha mengi niliyoyaona mlangoni. Anakuja mbio, anamshika anayemfahamu. Anayemfahamu ni wewe. Anakukumbatia kwa nyuma, mikono yako yote miwili imebanwa, "Tulia, tulia mwanangu, achana naye," na yule mwingine hana aliyemshika. Ukishikwa hivyo usipambane na mpatanishi kwa hasira. Legeza miguu, keti, jishushe chini kama mzigo. Ni vigumu kumshikilia mtu mzito anayekwenda chini, na uso wako unatoka pale ngumi ilipokuwa inakwenda. Kisha mwambie kwa sauti, "Mshike yeye."

Ukiwa wewe ndiye mpatanishi, hesabu ni rahisi: umtoe rafiki yako, usimfunge. Ingia mbele yake ukiwa umempa yeye ubavu na macho yako yako kwa yule mwingine, msukume kwa mgongo wa mkono arudi nyuma, ondokeni. Ukimpa adui kisogo chako ili umbembeleze rafiki, ngumi iliyokuwa yake utaipata wewe.

Dalili, na mipaka yake

Kuna mambo ambayo mwili hufanya kabla ya kupiga. Sentensi zinakuwa fupi, kisha zinabaki neno moja linalorudiwa: "Eeh? Eeh? Eeh?" Macho yake yanakuacha ghafla, yanatazama kushoto na kulia, anaangalia kama kuna askari, au kama wenzake wapo tayari. Anajigusa: anapangusa pua, anapandisha suruali, anashika kofia. Anavua saa. Anampa mtu simu, "Nishikie." Mguu wa kulia unarudi nyuma na bega linaufuata. Mkono mmoja unapotea machoni pako.

Sitaki nikudanganye kwamba hizi ni alama za uhakika. Vumbi la Dodoma linamfanya kila mtu apanguse pua, na suruali ya mtu inaweza kuwa imelegea tu. Dalili moja naiacha ipite. Mbili kwa pamoja, hasa kama mojawapo ni kutazama pembeni au kumkabidhi mtu vitu, mimi sibaki kuangalia ya tatu. "Nishikie simu" peke yake inatosha. Hakuna anayempa mwenzake simu ashike ili akukumbatie.

Na kuna utani wa makabila. Misafara ya zamani kutoka Unyamwezi kwenda pwani ilikatiza Ugogo, watu wakazoeana, wakatukanana, na leo mtani wako anaweza kukuita majina ambayo kwingine yangemwaga damu. Mgeni aliyehamia Dodoma na ofisi yake ya serikali baada ya mwaka 2016 akisikia anaweza kukimbilia simu apige polisi. Tofauti iko kwenye hadhira. Mtani anatukana ili watu wacheke, kwa hiyo anawageukia watu, anasubiri kicheko, na anakuachia nafasi umjibu. Mwenye shari hataki jibu. Anauliza, unajibu, anauliza vilevile tena: "Unanijua mimi? Kwani wewe unanijua mimi?" Hakuna jibu sahihi la swali hilo. Ukisema namjua umemdharau, ukisema simjui umemdharau zaidi. Usilijibu, sema yako ya kuondokea, na uondoke kwa kurudi kinyumenyume hatua tatu nne kabla hujageuka.

Ikishakuja

Mwili wako una kinga moja uliyozaliwa nayo. Kitu kikirukia usoni ghafla, mabega hupanda, kichwa hushuka, mikono huinuka. Usishindane nayo, iongezee tu umbo: kidevu kigandane na kifua, meno yakutane, viganja vishike nyuma ya masikio, viwiko viwe mbele kama pembe. Fanya mara ishirini mbele ya kioo, mkeo akicheka mwache acheke. Jambo moja lililorudiwa hadi kuwa mazoea linashinda ujuzi wa mambo kumi, kwa sababu ileile ya Hick.

Meno yakutane, nimesema. Mdomo unaoongea una taya lililolegea, na taya lililolegea huvunjika kwa urahisi zaidi na huzungusha kichwa zaidi. Hii ni sababu nyingine ya kuacha kubishana.

Watu tisa kati ya kumi hivi hutumia mkono wa kulia, kwa hiyo ngumi nyingi huja upande wako wa kushoto, kwa kuzunguka, zikilenga taya. Ukiwa huna muda wa kufikiri, linda kushoto. Na ikibidi ikupate, heri ikupate juu. Mfupa wa paji la uso ni mgumu. Mifupa ya mkono wa mwanadamu ni midogo, hasa ule unaobeba kidole kidogo, na madaktari huuona umevunjika kila mara kwa watu waliopiga vichwa vya wenzao. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na paji lako la uso ni ukuta.

Baada ya ile ya kwanza usisimame kutazama nani amepiga na kwa nini. Mikono ibaki kichwani, miguu itembee, uelekee kwenye mwanga na watu. Kutaka kurudisha ndiko kunakowaweka watu palepale ngumi ya pili na ya tatu zinapowakuta.

Kwa nini ngumi usiyoiona huzimisha na ileile ukiiona inakuumiza tu? Fikiria mlango. Ukiusukuma karibu na bawaba hauendi. Ukiusukuma ukingoni, kidole kimoja kinatosha. Kidevu ndicho ukingo wa kichwa. Kikipigwa pembeni, fuvu linazunguka ghafla na ubongo, unaoelea katika maji yake, unachelewa kulifuata, kama maziwa ndani ya kibuyu kilichozungushwa kwa nguvu. Mvutano huo ndio unaokata fahamu. Ukiwa umeiona inakuja, misuli ya shingo hukaza yenyewe na kupunguza mzunguko. Usipoiona, shingo ni kamba.

Na aliyezimia hajui kuanguka. Hapa ndipo penye kifo, na watu wengi hawapahesabu. Anayejikwaa hutanguliza mikono. Aliyezimia huenda chini kama gogo, na kisogo cha mtu wa urefu wa kawaida hufika chini kwa kasi inayozidi kilomita 20 kwa saa. Chini kuna lami, au ukingo wa saruji wa barabara. Mjini Sydney, Julai 2012, kijana wa miaka 18, Thomas Kelly, alipigwa ngumi moja na mtu asiyemjua, akaanguka, akafariki siku mbili baadaye. Mwaka mpya wa 2014 ukaanza na mwingine wa umri huohuo, Daniel Christie, maeneo yaleyale. Waaustralia walikuwa wamezoea kuiita ngumi ya namna hiyo "ngumi ya mfalme". Baada ya vifo hivyo wengi wakaanza kuiita "ngumi ya mwoga", na mwaka huohuo wa 2014 jimbo la New South Wales likatunga sheria kwamba mlevi anayeua kwa ngumi ya namna hiyo hawezi kufungwa chini ya miaka minane.

Ukijiona unaanguka na fahamu bado zipo, fanya moja tu: kidevu kifuani. Mgongo uumie, kisogo kisiguse.

"Amelewa, mwacheni alale"

Sentensi hii imeua. Mtu amepigwa, amezimia dakika moja, ameamka, anaongea, anataka bia yake. Saa mbili baadaye anasema kichwa kinauma, anasinzia, wenzake wanamlaza. Huenda kuna mshipa umepasuka kati ya fuvu na utando wa ubongo, mara nyingi karibu na panja, kati ya jicho na sikio, pale mfupa ulipo mwembamba, na damu inajaza nafasi taratibu. Ule muda wa kuongea vizuri ni sehemu ya ugonjwa.

Aliyezimia hata kwa muda mfupi apelekwe hospitali. Asiyezimia naye apelekwe mbio ikiwa anatapika, kichwa kinazidi kuuma, anasinzia kuliko kawaida, anarudia maswali, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, anadegedeka, au maji mepesi yanatoka puani au sikioni. Usimmwagie maji. Usimpe soda. Kama amezimia na anapumua, mlaze ubavu ili matapishi yasimkabe, na mkimbeba msimbebe kichwa kikining'inia. Hapa Dodoma kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa katikati ya mji, na ya Benjamin Mkapa kule chuo kikuu, UDOM. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa mtu aliyepigwa, na usipoichukua kesi yako itakuwa na mguu mmoja. Lakini kwa aliyezimia, mmoja aende naye hospitali na mwingine afuate fomu kituoni. Namba 112 inakupa polisi.

Sheria yenyewe iko upande wako kuliko watu wanavyodhani, na kwa kipimo kidogo kuliko wanavyotaka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyokifuata (18A na 18B), inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako na kutetea mali, kwa nguvu ya kadiri. Ukizidisha mtu akafa, hilo ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Kumdhuru mtu vibaya, kifungu cha 225, hadi miaka saba. Kadiri maana yake ni kwamba haki yako ina mwisho: alipoanguka, iliishia hapo. Teke unalomwongeza akiwa chini ni kosa lako jipya, na mashahidi kumi na tano waliowazunguka watalikumbuka hilo teke kuliko ngumi yake ya kwanza.

Yule kijana hatukufikishana mahakamani. Wazee waliingia kati, akalipa sehemu ya gharama ya jino, jino lenyewe sikuweka. Sasa anauza nyanya na vitunguu sokoni, ameoa, ameacha pombe, na mke wangu ni mteja wake kwa sababu ndoo yake huijaza vizuri. Tukikutana ananiita blaza, namuuliza habari za watoto. Namsalimia nikiwa upande huu wa meza ya nyanya, yeye yuko upande ule, na akiniuliza saa namwambia sijui.